AKIBA YA MAVUNO NA RUTUBA YA UDONGO

(Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Kamati ya Kilimo mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, nayo yachapishwa hapa kwa azimio la Mkutano.)



Mwaka jana Mkutano huu uliipa Kamati ya Kilimo kazi moja, yaani kuchunguza kwa nini wanachama wengi hufika mwezi wa Mei wakiwa na ghala tupu, na kuleta shauri la kufanya. Kazi hiyo tumeifanya kwa kadiri ya uwezo wetu. Shauri tunalolileta ni fupi, lakini lagusa fedha, na jambo linalogusa fedha za watu halifai kusemwa kwa haraka. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie nieleze kwanza sababu, ndipo nitaje shauri lenyewe.

Kila mmoja wetu aijua njaa ya kwetu. Mvua twapata, na nchi ni ya kijani kibichi mwaka karibu wote. Walakini ifikapo Aprili na Mei, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, chakula cha nyumbani kimekwisha. Ndipo tuonapo magari yakivuka mpaka kutoka Uganda yamejaa magunia, nasi twasimama kando ya barabara na vikapu vyetu, tukinunua kwa bei ya mwenye kuuza. Mwezi wa Agosti, tukiisha kuvuna, sisi hao hao twauza kwa bei ya mwenye kununua, ili tulipe karo na madeni. Kitabu cha Mweka Hazina wetu chashuhudia jambo hili, kwa maana maombi ya mkopo huja kwa wingi katika miezi hiyo hiyo kila mwaka.

Sababu ya kwanza ni udongo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Busia ina watu 893,681, yaani yapata watu 527 katika kila kilometa moja ya mraba. Wazee waliopo hapa wakumbuka jinsi baba zao walivyolima. Walipanda wimbi, mtama na simsim kwa miaka michache, kisha wakaliacha shamba lipumzike na kuota majani, wakahamia upande wa pili. Leo upande wa pili ni shamba la ndugu yako, na baada yake ni shamba la mwanawe. Eka ile ile hupandwa mahindi katika mvua za masika, na mara nyingi hupandwa tena katika mvua za vuli, pasipo kupumzika. Kila gunia litokalo shambani limechukua ndani yake naitrojeni na fosforasi, ambazo ndizo chakula cha mmea. Shamba lisilorudishiwa kitu ni kama Sanduku la Chama ambalo kila mtu hutoa wala hapana aingizaye.

Tena udongo wetu mwingi, hasa ule mwekundu, una tindikali. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma na alumini huishika fosforasi hata mizizi isiweze kuifikia, ingawa ipo. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, pamoja na samadi na mboji. Lakini kabla ya kununua chokaa yafaa udongo upimwe, kwa sababu mashamba mawili yaliyopakana yaweza kuwa na hali mbalimbali.

Sasa nitawaeleza utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu, ambao nadhani wengi wetu hawajausikia, ingawa umesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Kuanzia mwaka 2000, wataalamu watatu wa uchumi, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walifanya majaribio ya mbolea katika mashamba ya wakulima wa kawaida wa Busia. Wawili wa kwanza, pamoja na mwenzao Abhijit Banerjee, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Hawakujaribu katika shamba la Serikali lenye udongo mzuri na vibarua wengi. Waliomba sehemu ndogo ndani ya shamba la mkulima mwenyewe, wakaigawa vipande, kila kipande kikatiwa mbolea kwa kipimo chake na kingine kikaachwa bila kitu. Mavuno yakapimwa kwa mizani mbele ya mwenye shamba.

Kipimo chao kilikuwa kijiko cha chai. Katika vipande vingine walitia robo kijiko cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo, vingine nusu kijiko, vingine kijiko kizima. Kipande kingine kilifuata maagizo yote yaliyokuwa yakitolewa na Wizara, yaani mbegu ya kisasa, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia pia. Maagizo hayo kamili ndiyo yaliyoleta mahindi mengi kuliko yote. Lakini hesabu ya gharama ilipofanywa, ilionekana kwamba kwa wastani hayakumrudishia mkulima fedha alizotumia. Kipimo kilicholeta faida bora kilikuwa nusu kijiko cha mbolea ya kukuzia, kilichotiwa mahindi yakiwa yamefika magotini.

Nimekuja na kijiko hiki mkione. Tukipanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 50 kati ya shimo na shimo, eka moja huwa na mashimo yapata 10,800. Nusu kijiko kwa kila shimo haimalizi mfuko mmoja wa kilo 50. Hayo si mambo ya tajiri. Mwenye nusu eka ayaweza, na mwenye robo eka ayaweza pia, kwa maana mbolea hupimika hata kwa gramu chache na haihitaji mashine.

Je, kama faida ni dhahiri hivi, kwa nini hatutumii? Hapa ndipo utafiti ule ulipotugusa hasa. Wakulima waliulizwa kama wanakusudia kutia mbolea katika msimu unaofuata. Karibu 98 katika kila 100 wakajibu kwamba wanakusudia. Msimu ulipofika, waliotia walikuwa 37 tu katika kila 100. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Wale 61 waliobaki hawakuwa waongo wala wavivu. Fedha walikuwa nazo siku ya kuvuna, na mbolea yatakiwa miezi mingi baadaye. Katikati ya siku hizo mbili kuna karo, kuna mgonjwa, kuna matanga, kuna sikukuu.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja nilisema mbele ya jirani zangu kwamba nitatia mbolea. Nilivuna Agosti, Septemba nikalipa karo, na kufika Januari hapakuwa na kitu mfukoni. Mahindi yalipofika magotini nilizunguka kutafuta mkopo, hata mwenye duka mmoja akakubali kunipa nusu mfuko. Mbolea ikafika nyumbani mahindi yakiwa yamekwisha kutoa mbelewele. Niliitia hivyo hivyo kwa sababu ya ukaidi. Deni lile nililipa kwa magunia mawili ya mahindi, nayo mbolea haikuongeza hata gunzi moja. Kosa halikuwa la mbolea wala la mwenye duka. Kosa lilikuwa la wakati.

Wataalamu wale walijaribu dawa ya kosa hilo. Walimwendea mkulima mara baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, wakampa nafasi ya kununua mbolea siku ile ile na kuletewa mpaka nyumbani bila nauli wakati atakapoihitaji. Wakulima waliopata nafasi hiyo walitumia mbolea kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Wengine walipelekewa nafasi ile ile baadaye, wakati wa kutia mbolea ulipowadia, na hao hawakuongezeka kwa kiasi hicho. Katika wakati huo wa mwisho hapana budi kupunguza bei kwa nusu ndipo watu wanunue kwa wingi unaokaribia ule. Maana yake ni kwamba siku ya kuuliza ina thamani kama punguzo kubwa la bei. Akiba haiozi, lakini fedha iliyokaa nyumbani huoza.

Mabibi na Mabwana, nisingependa mtu atoke hapa akidhani kwamba kijiko cha mbolea peke yake chatosha. Yako mambo matatu ambayo Kamati iliona ni lazima yaende pamoja nacho.

La kwanza ni lile gugu liitwalo kiduha, ambalo wengi hapa hulijua kwa jina la kayongo. Maua yake ni mazuri, ya rangi ya zambarau, lakini chini ya ardhi limeshika mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula chake. Mmea mmoja waweza kutoa maelfu ya mbegu zilizo ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja. Huota zinaposikia dalili itokayo katika mizizi ya mahindi, na mahindi yakosayo fosforasi huitoa dalili hiyo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo udongo uliochoka humwita adui yake mwenyewe.

Katika kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuzuia funza wa mabua. Walipanda majani yaitwayo desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na majani ya ng'ombe kuzunguka shamba ili yawavute nje. Njia hiyo huitwa sukuma-vuta. Katika mwaka 1997 wakaona jambo ambalo hawakulitazamia, kwamba palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilipungua sana. Mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha kisha huzizuia zisishike mahindi, zikafa. Desmodiamu hutia naitrojeni udongoni, hufunika ardhi isichukuliwe na maji, tena ni chakula kizuri cha ng'ombe. Baadaye walichagua aina za desmodiamu na za majani ya pembeni zivumiliazo jua kali zaidi. Viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, vipimo vilivyotolewa mwaka uliofuata vilionyesha kwamba mashamba ya namna hiyo yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko mashamba ya mahindi matupu.

La pili ni kutotegemea mahindi peke yake. Wazee watakumbuka miaka ya 1990, wakati ugonjwa wa batobato kali ulipotoka Uganda na kuvuka kwetu, mashamba ya muhogo yakawa majani yaliyokunjamana bila mizizi. Inzi weupe hawaombi kibali pale forodhani. Lakini dawa nayo ilivuka mpaka huo huo. Aina za muhogo zilizokwisha kuonekana Uganda kwamba zaweza kuvumilia zililetwa na kuangaliwa hapa Alupe, katika kituo cha utafiti ambacho siku hizi kiko chini ya KALRO, ndipo zikaenezwa kwa wakulima. Baadaye ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioonekana tena Uganda mwaka 2004, na mbegu nyingi zilizoshinda batobato hazikuushinda huo. Fundisho ni kwamba tusipokee vijiti vya muhogo kwa jirani kwa sababu tu majani yake yapendeza, kwa maana ugonjwa wa michirizi hujificha mzizini. Tuulize Alupe kwanza. Kituo kiko kando ya barabara yetu ya Malaba, nacho hushughulika pia na mtama na wimbi, mazao ya babu zetu ambayo huvumilia pale mahindi yanaposhindwa.

La tatu ni mvua. Mvua ya masika, ambayo huleta yapata nusu ya mvua yetu ya mwaka, tulikuwa tukiitazamia mwishoni mwa Machi. Siku hizi huanza, hukatika majuma mawili mbegu ikiwa imekwisha kuota, kisha huja kwa kishindo. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilipata joto kupita kawaida, mvua za vuli zikazidi mno, na mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yakapanda kufikia kimo ambacho hakijaonekana tangu yale mafuriko ya miaka ya 1960. Ndugu zetu wa Budalang'i walioko kando ya Mto Nzoia hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Kwetu sisi wa juu, mvua ya kishindo huchukua udongo wa juu na kuupeleka Mto Sio na Mto Malaba, na mbolea iliyotiwa jana huenda pamoja nao. Kwa hiyo makinga ya majani na matuta yakatayo mteremko ni kazi ya kutangulia mbolea. Na mbolea ya kukuzia itiwe baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu, kando kidogo ya shina, ikafukiwe.

Yapo maarifa ya wazee kuhusu mvua, nayo yasidharauliwe. Kule Bunyore, wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana tangu zamani kwa kutazama dalili za mvua, wameketi pamoja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa, kila upande ukaeleza uonavyo, kisha wakatoa neno moja kwa wakulima. Wazee wetu wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuandika katika daftari siku mvua ilipoanza na siku ilipokatika.

Sasa naja kwenye shauri. Kamati yaomba Mkutano huu ukubali mambo manne:

1. Lianzishwe Sanduku la Mbolea, lenye kitabu chake na akaunti yake, lisilochanganywa kamwe na fedha za mazishi.

2. Kila mwanachama apendaye alipe mwezi wa Agosti, katika juma la kuvuna, bei ya mbolea atakayoihitaji masika yajayo, hata kama ni ya robo eka. Apewe stakabadhi, naye Mweka Hazina anunue mara moja.

3. Stakabadhi iandikwe jina la mwenye kulima. Mama zetu ndio washikao jembe, na mara nyingi fedha ya mavuno hupita mikono mingine.

4. Katika kila tawi liwepo shamba moja la majaribio lenye vipande vitatu, kimoja bila kitu, kimoja cha nusu kijiko, na kimoja cha nusu kijiko pamoja na desmodiamu. Mavuno yapimwe mbele ya wanachama na hesabu isomwe katika Mkutano huu.

Najua yapo mashaka. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, Chama hiki kiliundwa ili mtu wetu asizikwe kwa aibu. Wewe wataka tuzike fedha ardhini." Namheshimu sana, na ndiyo sababu sharti la kwanza likawekwa. Lakini namwomba akitazame kitabu cha mikopo ya mwezi wa Mei. Fedha hizo zote zilikwenda kununua unga, wala hazikurudi kwa wakati, na yalipotokea matanga mwezi wa Juni tulichanga upya. Sanduku la mazishi limekuwa likilisha walio hai, kwa sababu mashamba yao hayawalishi.

Mwingine alisema kwamba mbolea ya dukani huharibu udongo. Asemalo lina kweli ndani yake. Mbolea ya kupandia ya namna fulani, ikitiwa miaka mingi bila samadi wala chokaa, huongeza tindikali. Ndiyo maana twasema nusu kijiko, na samadi, na udongo upimwe. Lakini kuvuna kila mwaka bila kurudisha kitu huharibu udongo pia, tena haraka zaidi.

Wengine husema Serikali itapunguza bei. Imewahi kufanya hivyo. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani, ndipo Serikali ikaweka mbolea ya bei nafuu kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikashusha mpaka 2,500. Hilo ni jema. Lakini mtu asiye na shilingi 2,500 mwezi wa Aprili hana mbolea, hata bei iwe nafuu namna gani.

Wazee wetu, maarifa haya hayakuletwa kutoka mbali. Yalipimwa katika mashamba yaliyo kama yetu, kwa mvua yetu, na kwa vijiko vilivyo kama vile tukorogeavyo chai. Yaliyobaki ni kuchagua siku. Mimi naomba siku hiyo iwe siku ya mavuno, mkono ukiwa bado umeshika kitu.



(Baada ya hotuba palikuwa na mazungumzo marefu. Mkutano uliazimia kwamba Sanduku lijaribiwe kwa misimu miwili, na kwamba sharti la kwanza lisomwe kwa sauti kila Mkutano Mkuu.)